Tangi la Samaki Kando ya Kitanda

Mkunga wa hospitali alikuwa mwanamke wa maneno machache. Alimpima mke wangu, akafunga mkoba wake, kisha akatutazama wote wawili na kusema: alale. Asichote maji, asitwange, asifagie, asiiname kuchochea moto. Aamke kwenda chooni na kuoga tu, kisha arudi kitandani. Mimba mbili zilikuwa zimekwisha kutoka, zote mapema, naye hakutaka hii ya tatu ifuate njia ileile.

"Mtoto akishacheza kwa nguvu, na tumbo likapanda hadi hapa," alisema huku akiweka kiganja juu ya kitovu cha mke wangu, "nitakuruhusu ukae. Kabla ya hapo, mwanangu, kazi yako ni kulala."

Tulikuwa tukiishi Temeke, miaka ya hamsini, Mwingereza akiwa bado anatawala. Tulipanga chumba kimoja katika nyumba ya miti na udongo, yenye korido katikati na vyumba pande zote mbili. Dirisha letu lilitazama ukuta wa jirani. Mimi nilikuwa karani katika ofisi ya serikali mjini, nikiondoka asubuhi kwa baiskeli na kurudi alasiri. Mke wangu alikuwa mtu ambaye hata akizungumza na wageni lazima mkononi awe na ukili anausuka au mchele anauchambua. Kumwambia mtu wa namna hiyo alale miezi ni kama kumwambia asipumue.

Aliyetusaidia ni mama mwenye nyumba, mjane wa Kizaramo aliyekaa chumba cha mbele. Sisi ni Wasukuma, na kwa Wazaramo, Msukuma na Mnyamwezi ni mtu mmoja, naye ni mtani wao. Utani huo ulianza zamani, babu zetu walipokuwa wakishuka pwani na mizigo kichwani. Mtani anaweza kukutukana mbele ya watu, kukupokonya kitu mkononi, hata kuja msibani kwako akacheka, nawe ukikasirika aibu ni yako. Kwa hiyo yule mama alitupikia na kuchota maji yetu kwa moyo mweupe kabisa, na hakuna siku aliyofanya hivyo bila kututukana.

"Nimewapangisha chumba," alikuwa akisema akileta uji, "na sasa nimekuwa mpishi wa wapagazi."

Wiki ya kwanza haijaisha nilimkuta mke wangu ameketi ukingoni mwa kitanda, miguu chini, anashona kifungo cha shati langu. Kifungo hicho hakikuwa kimelegea. Nilimwomba alale. Akalala, akageukia dari.

"Boriti zote nazijua," alisema. "Ile ya tatu ina mchwa. Nitajua nini kesho?"

Hapo ndipo nilipokumbuka hodhi la kazini. Nyuma ya ofisi yetu palikuwa na hodhi la saruji, na ndani yake idara ilifuga samaki wadogo wa kutia kwenye visima na madimbwi ili wale viluwiluwi vya mbu. Wakati wa chai makarani tulikuwa tukisimama pale, na nilikwisha kuona kwamba anayeanza kuwatazama haondoki upesi. Hata wale wenye haraka walibaki na vikombe mikononi mpaka chai ikapoa. Nikasema moyoni, kama macho ya mke wangu yangepata kazi, huenda mwili wake ungekubali kutulia.

Nilimweleza. Akacheka kwa mara ya kwanza tangu mkunga aondoke.

"Samaki wa kutazama? Kwetu samaki anatazamwa akiwa bakuli moja na ugali."

Yeye alikulia kando ya ziwa, upande wa Mwanza. Mimi nilikulia bara kavu na shule ya misheni. Samaki niliyemfahamu ni yule mkavu aliyeletwa sokoni kwenye tenga. Hata hivyo nilikwenda mtaa wa Gerezani kwa fundi wa chuma, akaniungia fremu kama kasha, urefu wake kama mkono na nusu, tukaingiza vioo vya dirisha na kuviziba kwa ule udongo wa mafuta wanaoutumia mafundi madirisha. Tangi la kwanza lilivuja. Fundi akalirudia. Lilipoacha kuvuja nililiweka juu ya meza kando ya kitanda, usawa wa mto wa kulalia, nikatia mchanga uliooshwa na maji ya kisima yaliyokaa ndani ya pipa siku nzima. Asubuhi na jioni nilichota maji ya tangi kwa kata na kuyamimina kutoka juu ili yachanganyike na hewa, kama nilivyoona ikifanywa kule kwenye hodhi.

Sasa samaki. Sikutaka kuomba wa serikali, basi Jumapili baada ya kanisa nikaenda Mtoni, kwenye mto Kizinga, na kipande cha chandarua nilichokifunga kwenye kitanzi cha fito. Katika maji ya kina kifupi, penye majani, walikuwamo samaki wa jamii ya perege, wadogo, wasiozidi urefu wa kidole. Baadhi walikuwa na rangi ya samawati inayong'aa, mstari mweusi ukipita kwenye jicho, na madoa ya njano kwenye pezi la chini karibu na mkia. Wengine walikuwa wa kijivu tu, kama majivu yaliyoloa. Nilifanya kama angefanya mtu yeyote asiyejua: nikachukua wenye rangi, nikawaacha wa kijivu. Nilirudi na debe nyuma ya baiskeli, mwendo wa pole, nikiona fahari.

Mama mwenye nyumba alikuja kuona. Akazunguka meza, akainama hadi pua ikagusa kioo.

"Mtani, nyie bara hamna samaki mpaka mkimpata mnamtia kwenye kabati mnamwabudu? Sie huku samaki tunamtia kwenye nazi."

"Nyie mnakaa pwani," mke wangu alijibu kutoka kitandani, "na samaki mnanunua sokoni."

"Hata mpagazi akilala ulimi haulali," alisema yule mama, na akaondoka anacheka.

Kesho yake nilipotoka kazini nilimkuta mke wangu amelala ubavu, kichwa kimeegemea mkono, na kabla sijavua viatu alinipa taarifa. Yule mwenye mkia mpana amechukua pembe ya kulia. Yule mwingine amechukua ya kushoto. Wengine wote hawana mahali. Wamesukumwa juu ya maji, mapezi yamechanika, na mmoja amekufa.

"Umeleta wanaume watupu," alisema. "Hawa wenye rangi ni madume. Hii ni kambi ya manamba wa mkonge. Wanaume peke yao, chumba kimoja, nani asipigane?"

"Na majike wako wapi?"

"Umewaacha mtoni. Majike ndio wale wa kijivu uliowaona wabaya."

Hivyo ndivyo nilivyopata somo la kwanza la kuchagua samaki wa nyumbani, na mwalimu wangu hakuruhusiwa hata kukaa. Jumapili iliyofuata nilirudisha madume wote mtoni isipokuwa mmoja, nikaleta majike wanne wa kijivu, wenye urefu unaolingana naye. Mke wangu aliagiza pia vigae vya mtungi. Alinielekeza pa kuviweka, hiki kilale, hiki kisimame, mpaka kila jike akawa na mahali pa kujificha asionekane na dume. "Asiyeonekana hafukuzwi," alisema. Wakatulia kiasi. Dume aliwafukuza, lakini fujo yake iligawanyika kwa wanne na hakuna aliyeumia.

Mke wangu naye alitulia. Nilikuwa nikirudi nasimuliwa habari za mchana kucha kama gazeti: nani amechimba shimo mchangani, nani amemnyang'anya nani kipande cha dagaa. Mama mwenye nyumba alianza kuja na kibao chake cha mbuzi kukunia nazi ndani ya chumba chetu. Alisema uani kuna jua.

Kama ningeishia hapo mambo yangekwenda vyema. Lakini mwanafunzi akifaulu kidogo hutaka kuongeza. Nilikwenda tena Mtoni, na mvuvi mmoja akanionyesha perege halisi, dume, mpana kama kiganja, mweusi, mapezi yamepakwa wekundu pembeni. Sikuwahi kuona samaki mzuri kama yule. Na nilikuwa na sababu yangu, ambayo niliiona ya busara: kundi likiwa na mkubwa hutulia, kama mtaa wenye jumbe. Yule dume mdogo angeacha kuwafukuza majike kwa kumwogopa huyu.

Mke wangu alimtazama akiingizwa majini.

"Umewawekea jumbe," alisema. "Sasa watalipa kodi."

Kweli dume mdogo aliacha ukorofi. Alijibanza nyuma ya kigae na rangi yake ikafifia. Perege alilichukua tangi lote. Alichimba mchanga kwa mdomo, akaangusha vigae, akafanya shimo katikati kama sahani, na yeyote aliyepita juu yake alikiona cha moto. Hata hivyo makarani wenzangu wawili walikuja Jumamosi kumtazama, wakamsifu, na mimi nikamsifu zaidi.

Siku hizo jike mmoja alianza mambo mapya. Alijitenga pembeni. Nilipotia chakula, wenzake walikuja juu, yeye hakuja. Taya lake lilikuwa limevimba, mdomo umefumbwa, anatafunatafuna bila kula kitu. Nikamwona ana ugonjwa, kitu kama matumbwitumbwi, na nikaleta bakuli nimtoe kabla hajawaambukiza wengine.

"Mwache," mke wangu alisema. Alisema kwa sauti iliyonifanya niweke bakuli chini. "Amebeba. Mayai yamo mdomoni. Kule ziwani watoto wote wanalijua hili. Hatakula mpaka awatoe."

Mama mwenye nyumba, aliyekuwa akikuna nazi, aliinua kichwa. "Abebe mimba mdomoni? Huo sasa ni uongo wa bara."

"Njoo uone."

Alikuja, akatazama kwa muda. Yule jike alifungua mdomo kidogo, na ndani kweli palionekana kitu cha njano kikigeuka. Mama yule aliinuka polepole. Alirudi kwenye kibao chake, na alipoondoka aliurudisha mlango taratibu.

Tangu hapo mke wangu hakutazama kingine. Lakini perege naye alikuwa amemwona yule jike. Kila mara yule jike alipotoka kwenye kigae chake, perege alimrukia na kumsukuma hadi kwenye kioo. Mke wangu alianza kwa kugonga kioo kwa kidole kutoka alipolala. Kisha akagonga kwa mwiko. Alasiri moja nilifungua mlango nikamkuta amesimama, ameinama juu ya tangi, mikono yote miwili ndani ya maji hadi viwiko, anajaribu kukiinua kigae kilichoanguka. Uso wake ulikuwa na jasho.

Nilimshika nikamlaza. Hakubisha. Aliweka mkono kiunoni.

"Mgongo," alisema. "Umeanza kuuma tangu asubuhi. Kama mara ile."

Hakutaja ni mara ipi, na haikuwa lazima. Nilikaa kwenye kigoda nikitazama maji yakitiririka kutoka kwenye vidole vyake kwenda sakafuni. Nililileta tangi lile ili alale, na sasa ndilo lililomwamsha.

Jioni mama mwenye nyumba aliniita uani.

"Leo sikutanii," alisema. "Mkeo ameamka si mara moja. Nikiwa jikoni siwezi kumchunga. Kila yule mweusi akirusha mkia, yeye miguu chini. Mtoe yule."

Nilisema nitamtoa Jumapili, nimrudishe mtoni akiwa hai, kwani ni samaki mzuri. Kwa wakati ule niliongeza matofali mawili ndani ya tangi, nikajenga kama chumba kidogo chenye mlango mwembamba ambao perege asingepita. Nikamwapisha mke wangu kwamba hataamka. Aliapa akitazama tangi, si mimi.

Kesho yake nilirudi kutoka kazini, na nilipokuwa bado naegesha baiskeli nilisikia harufu ya nazi na samaki. Mama mwenye nyumba alikuwa jikoni na sufuria imefunikwa.

"Karibu, mpagazi," alisema. "Leo tunakula jumbe."

Sikuelewa mpaka alipofunua. Mapezi yalikuwa bado na wekundu kidogo pembeni.

"Perege wa nani huyo?"

"Wangu. Nimemkuta ndani ya nyumba yangu, amefungwa kwenye kioo, maskini, hana kosa wala kesi. Nikamfungua. Au unataka kukasirika?"

Nilisimama na mkoba mkononi. Nilitafuta hasira na niliiona, lakini haikuwa na mahali pa kwenda. Wapangaji wengine walikuwa wametoka milangoni kutazama nitafanya nini, na kila mmoja alijua sheria. Mtani amechukua. Nikasema kile ambacho mtu husema:

"Basi usiniwekee kichwa. Kichwa ni cha wenye nyumba."

Wakacheka wote, na jambo likaisha hapo.

Chumbani mke wangu alikuwa amelala ameelekea ukutani, mabega yanamtikisika. Nilidhani analia. Nilipomgeuza niliona anacheka huku ameuma kona ya kanga.

"Mtani amekuja na chujio," alisema. "Mie mgonjwa, ningemzuiaje?"

"Wewe ndiye uliyemtuma."

"Mke hamnyang'anyi mumewe samaki mbele ya wapangaji," alisema. "Ningekuambia tena, ungesema Jumapili. Nikatafuta mwenye ruhusa."

Tulikula wali na perege yule, naye alikuwa mtamu, sitasema vinginevyo.

Tangi lilibadilika siku ileile. Dume mdogo alitoka nyuma ya kigae na rangi ikamrudia. Majike watatu waligawana vigae. Yule wa nne alikaa ndani ya chumba cha matofali, mdomo umefumbwa, anakonda, tumbo limeingia ndani, na macho yanazunguka. Hakuna aliyemsumbua. Mke wangu alilala. Maumivu ya mgongo yalikaa siku chache, yakapungua, yakaondoka, na sisi wawili hatukuyazungumzia, kama mtu asiyetaka kumwamsha mbwa aliyelala mlangoni.

Niliporudi siku moja hakunipa habari. Aliweka kidole mdomoni, akaonyesha. Mbele ya chumba cha matofali palikuwa na wingu la vitu vidogo, kila kimoja macho mawili na mkia, na jike amesimama juu yao. Nilisogea, kivuli changu kikaanguka kwenye kioo. Jike akafungua mdomo na wale wote wakaingia, mmoja baada ya mwingine, mpaka wa mwisho aliyechelewa, jike akawa anameza maji akimngoja.

"Umewaogopesha," mke wangu alinong'ona. "Rudi nyuma, kaa chini, usijitingishe."

Nikakaa chini kwenye mkeka na viatu vyangu. Baadaye jike akawatoa tena.

Watu waliokuja kutazama walianza kutaka samaki wao, na kwa sababu hiyo nilijikuta nikiwaeleza walioanza kama nilivyoanza mimi. Niliwaambia watafute samaki wa mto mmoja, wa kimo kimoja. Dume mmoja tu, na majike watatu au wanne, hata kama hawana rangi ya kumwonyesha mgeni. Kila mmoja apate mahali pa kujificha, na hata pakizidi idadi yao si vibaya. Kambare asikaribishwe kabisa, kwa kuwa mdomo wake ni mkubwa kuliko urafiki wake. Na perege mkubwa abaki mtoni au aende jikoni. Karani mmoja aliniuliza kama hakuna haja ya mkubwa wa kuwasimamia. Nikamwambia nilikwisha kumjaribu.

Binti yetu alizaliwa mwishoni mwa masika, katika hospitali, kwa mikono ya mkunga yuleyule, na alilia kwa nguvu iliyowafanya wauguzi wacheke. Lakini siku ninayoiona wazi zaidi nikifumba macho ilikuja kabla ya hiyo. Mkunga alikuja Temeke na mkoba wake. Aliweka pembe yake ya kusikilizia juu ya tumbo la mke wangu, akainamisha sikio, akaihamisha pembe hapa na pale, mpaka mama mwenye nyumba, aliyesimama mlangoni, akaacha kutafuna tambuu. Kisha mkunga akainuka.

"Anacheza kwa nguvu," alisema. "Kaa. Tembea polepole. Usibebe kitu."

Nilitegemea mke wangu angesogeza kigoda karibu na tangi, sasa kwa kuwa aliweza kuwatazama samaki akiwa ameketi kama mtu. Yeye alishika ukuta wa korido, akatembea hatua kwa hatua hadi mlango wa mbele, mama mwenye nyumba akimfuata nyuma na mikono imenyooshwa kama anayefukuza kuku. Akaketi barazani. Barabara ilikuwa na vumbi na watu: muuza kahawa akigonganisha vikombe, wanawake wakitoka kisimani, baiskeli mbili, mzee na mbuzi wake asiyetaka kwenda.

"Samaki je?" nilimuuliza.

"Samaki nimewaona," alisema, bila kugeuza kichwa. "Niache nitazame watu."

Wanawake waliotoka kisimani walisimama, wakatua ndoo zao, wakaanza kumsalimia mmoja mmoja, na yeye akawajibu wote, akiuliza habari za watoto wao kwa zamu.